Besi inaangusha shingo nikiiachia: nitoboe wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni dada, napiga besi kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Morogoro. Besi ni mali ya kanisa. Ina nyuzi nne, bodi nyembamba yenye pembe mbili zilizochongoka mtindo wa gitaa la Gibson SG, na shingo imefungwa kwa skrubu nne. Kitufe cha mbele cha mkanda kiko mgongoni, pale shingo inapoungana na bodi. Nikiachia mkono wa kushoto kidogo tu, kichwa kinaenda chini. Ibada mbili za Jumapili zikiisha, bega na kiganja vyote vinauma. Fundi mmoja wa hapa ameniambia nifunge mkanda kichwani kama gitaa la boksi. Mwingine anasema nihamishe kitufe cha nyuma. Nimeipima: ina kilo 3.5, na nikiilaza juu ya mti wa fagio inatulia kwenye freti ya 15, yaani mstari wa chuma wa 15 shingoni. Kitufe cha mbele kipo usawa wa freti ya 17, na ncha ya pembe ya juu ipo usawa wa freti ya 16. Nitoboe wapi?

Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi. Wengi huniandikia "inaanguka" basi, nami nabaki kukisia. Wewe umeweka besi juu ya fagio, na jibu lote limo humo: uzito umetulia freti ya 15, kitufe kinashikilia freti ya 17. Uzito uko mbele ya kamba inayoubeba. Hapo shingo itaanguka tu, hata ununue mkanda wa bei gani.

Kumbuka mbeba maji wa zamani na mzegazega wake, ndoo moja mbele, nyingine nyuma. Akihisi ndoo ya mbele inamzidi, hakazi kamba wala hakunji mgongo. Anausogeza mti begani mpaka ndoo mbili zikubaliane. Besi yako imezuiwa kufanya hivyo kwa sababu mwenye kuichora aliweka kitufe mahali pa kupendeza macho, na tangu siku hiyo mkono wako wa kushoto umekuwa hamali. Mkono huo kazi yake ni kubana nyuzi. Ukiupa na kazi ya kunyanyua shingo, kiganja kitauma, na vidole vitachelewa kufika wimbo unapokimbia.

Tuingie kwenye hesabu, ni ndogo. Nachukulia besi yako ni ya urefu wa kawaida, inchi 34, yaani sentimita 86.4 za uzi unaolia. Ili uhakikishe, pima kutoka kile kimfupa kinachopitisha nyuzi kichwani hadi freti ya 12. Ukipata sentimita 43 na kidogo, tuko pamoja. Ukipata 38 au 39, besi yako ni fupi, na namba zangu utazipunguza kidogo, ila njia ni hiyohiyo. Kwa besi ya kawaida freti ya 15 iko sentimita 50 kutoka kwenye kimfupa, na ya 17 iko sentimita 54. Tofauti ni sentimita nne. Vidole viwili vya mkono, na ndivyo vinavyokutesa Jumapili nzima.

Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951 aliipa pembe ya juu ndefu kuliko ya chini. Watu wengi huona ni urembo. Pembe ile imenyooshwa hivyo ili kitufe cha mkanda kifike karibu na freti ya 12, na kwa mtindo huo uzito wa besi unabaki nyuma ya kitufe hata kichwa kikiwa na vikazio vinne vizito, vile vya kukazia nyuzi. Bodi za mtindo wa SG zina pembe fupi. Zinapendeza jukwaani, nakubali, lakini ukiweka shingo ndefu ya besi kwenye bodi nyembamba namna hiyo, shingo inashinda.

Sasa ushauri wa mafundi wako. Kufunga mkanda kichwani kutazuia kuanguka, siwezi kusema uongo; kichwa kitakuwa kimening'inizwa. Lakini mkanda utapita juu ya mkono wako pale freti za kwanza, na nyimbo za kwaya nyingi zinakaa hukohuko chini. Halafu kila ukigeuka kumtazama mwalimu wa kwaya, mkanda unavuta shingo, na shingo nyembamba ikivutwa sauti inapinda. Gitaa la boksi linavumilia kwa sababu ni jepesi. Besi ya kilo tatu na nusu mimi siifungi hivyo.

Huyu wa kitufe cha nyuma, sijui alikuwa anatazama nini. Kukipandisha kutoka katikati ya kitako hadi kona ya juu kunabadilisha jinsi bodi inavyolala tumboni, lakini zile sentimita nne za mbele zinabaki palepale. Kiache kilipo.

Kuna jambo la pili hukuliuliza, ila nadhani unaliona kila siku. Kitufe kikiwa mgongoni, bodi inapenda kulala kifudifudi, uso wa besi ukielekea miguu yako, nawe unainamisha shingo yako kutafuta freti. Maumivu ya bega mengine yanatoka huko. Kwa hiyo tunapohamisha kitufe tunataka kisogee mbele, na pia kitoke mgongoni kiende kwenye ukingo wa juu wa bodi.

Mahali pa kwanza panapokuja akilini ni ncha ya pembe ya juu, usawa wa freti ya 16 kama ulivyopima. Hapo unapata sentimita mbili kati ya nne. Nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki ungeimaliza kwa uzito, na hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo nikae kidogo.

Uzito unaweza kuuongeza tumboni mwa besi, yaani kwenye bodi, au kuupunguza kichwani. Vikazio viko kama sentimita 60 mbele ya kitufe hicho kipya. Shimo la nyaya, lile lenye kifuniko cha plastiki nyuma, liko kama sentimita 35 nyuma yake. Kwa hiyo gramu moja uliyoitoa kichwani inafanya kazi ya karibu gramu mbili ulizoongeza tumboni, tena besi inapungua badala ya kunenepa. Kwa besi yako, nusu iliyobaki inahitaji gramu 200 hivi tumboni, au gramu 115 tu zitoke kichwani, ambazo ni kama 30 kwa kila kikazio. Vikazio vyepesi vipo, kampuni ya Hipshot ni maarufu kwa hivyo, lakini si vya bei ya kwaya, na ukiagiza bila kupima kipenyo cha matundu ya kichwani unaweza kuletewa visivyoingia.

Uzito wa tumboni ni wa bei ya soda. Nenda kwa wanaobalansi magurudumu ya magari, ulizia vile vipande vya kubandika upande wa ndani wa rimu. Vinakuja kwa mstari wenye vipande vya gramu 5 na 10, aghalabu gramu 60 mstari mzima. Mistari mitatu na nusu inatosha kazi tuliyoitaja. Vingine ni vya risasi, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza, na vyote hupitisha umeme: vifunge kwa tepu ya umeme kabla hujavibandika, visije vikagusa nyaya besi ikanyamaza katikati ya pambio. Watu wameniletea besi "imekufa pikapu", yaani kile kinasa sauti chini ya nyuzi, nafungua kifuniko, nakuta kipande cha uzito kimelala juu ya soketi ya waya.

Lakini kwako wewe sitaanza na pembe wala na risasi. Besi ni ya kanisa. Tundu likishatobolewa halitoboleki kinyume, na mzee wa kanisa akiuliza nani alitoboa mali ya Bwana, mimi sitakuwepo. Wewe una bahati ambayo hujaitaja kama bahati: shingo imefungwa kwa skrubu nne. Chini ya skrubu hizo kuna bamba la chuma, na chini ya bamba hilo tunaweza kuingiza mkono wa kubebea kitufe.

Mkono wenyewe ni kipande cha alumini cha unene wa milimita 3. Mafundi wa madirisha wana vipande vya kutupa, nenda na karatasi yako. Weka karatasi ngumu mgongoni mwa besi, chora bamba la skrubu na matundu yake manne, kisha kutoka hapo chora tawi la upana wa sentimita 3 linalofuata mgongo wa pembe ya juu hadi kwenye ncha, na kuipita kwa sentimita nne. Ukimaliza utakuwa na umbo kama bumerangi. Mwisho wake utafika usawa wa freti ya 14, sentimita 48 kutoka kimfupa, na uzito wako uko sentimita 50. Umeona? Kitufe kimeruka mbele ya uzito. Hakuna risasi, hakuna tundu, na siku kanisa likitaka besi yake kama ilivyokuwa, unafungua skrubu nne.

Wazo hili si langu. Ned Steinberger, yule Mmarekani aliyekata kichwa cha besi kabisa akatengeneza besi ya bodi ndogo kama kasha, alikuwa na shida ya bodi isiyo na pembe ya kufungia mkanda. Naye aliweka bamba la mtindo huu nyuma, linalozunguka, na watu wakaliita bumerangi vilevile. Lako halitazunguka, skrubu nne zitalibana.

Kata kwanza kwa karatasi ngumu, ifunge, vaa besi, piga nyimbo mbili ukihisi kama tawi linagusa kidole gumba chako ukipanda juu ya freti ya 12. Likigusa, lisogeze kuelekea ukingo wa juu. Ukiridhika ndipo upeleke kwa fundi wa alumini. Kingo zipigwe tupa na msasa hadi zipite juu ya shavu lako bila kukwaruza, maana zitapita juu ya nguo yako ya kwaya. Chini yake bandika ngozi nyembamba au kitambaa cha felti, rangi ya besi isichubuke. Mwishoni toboa tundu moja la boliti ya milimita 4, ipite kwenye kitufe kipya, nati upande wa pili, na tone la gundi ya nati isilegee.

Kuifunga: legeza nyuzi zote nne kwanza, usifungue shingo nyuzi zikiwa zimekaza. Toa skrubu, weka mkono wako, bamba juu yake, rudisha. Skrubu zitapungukiwa milimita tatu za kuuma mti, kwa kawaida zinashika bado, ila ukipenda ununue mpya, zizidi zile za zamani kwa milimita tatu hizohizo tu. Nyingine ndefu zaidi zinaweza kutokeza upande wa freti. Na usiibamize skrubu kwenye tundu lake la zamani: izungushe kinyume polepole kwa bisibisi mpaka usikie "tak", hapo nyuzi za skrubu zimekutana na njia yake, ndipo ukaze. Ukikaza bila kusikia hiyo "tak" unachonga njia mpya kando ya ile ya kwanza, na baada ya mara mbili tatu mti unageuka unga.

Kama siku moja utakuwa na besi yako mwenyewe na ukataka kutoboa pembe, nakuandikia hapa usije ukarudia kosa langu. Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu nilishika besi ya mteja, nikapima kwa jicho, nikaingiza skrubu pembeni bila kutangulia na drili. Mti ulilia mara moja tu. Ufa ulikwenda kutoka kwenye skrubu hadi karibu na pikapu, na nililipa kwa kuigundisha na kuipaka rangi upya wiki nzima bila ujira. Pembe hizi zimechongwa nyembamba kwenye ncha, na mti unapasuka kufuata nyuzi zake.

Kwa hiyo: bandika tepu ya karatasi mahali pa kutoboa, weka alama, choma alama kwa ncha ya msumari ili biti isiteleze. Anza na drili ikizunguka kinyume mpaka ikate rangi, ndipo uigeuze mbele, rangi haitamenyuka. Biti iwe nyembamba kuliko skrubu. Mti laini unataka biti nyembamba zaidi, na mti mgumu nene kidogo. Zungushia biti tepu kuonyesha kina cha skrubu, tepu ikigusa mti simama. Paka skrubu sabuni ya mche, kaza kwa mkono, achana na mashine. Tundu likishalegea siku za usoni, vijiti vya kuchokolea meno viwili vitatu na gundi ya mbao, subiri hadi kesho, toboa upya. Usitoboe kwenye kisigino cha shingo yenyewe ukitafuta mahali pazuri pa kitufe; ndani yake kuna fimbo ya chuma inayonyoosha shingo.

Sasa mkanda. Nimeuchelewesha kwa makusudi kwa sababu kila mtu huanza nao. Mkanda mpana unagawa uzito begani, sentimita 8 au 9 badala ya zile tano za kawaida, na bega lako litashukuru. Upande wa ndani uwe ngozi ya suede, yenye vinyweleo vifupi, ile isiyong'arishwa. Ngozi hiyo inashika nguo, na besi inayotaka kuanguka kidogo inazuiwa na msuguano. Ile mikanda ya nailoni, inayofanana na mikanda ya viti vya gari, inateleza kama samaki. Fundi viatu wa Morogoro anaweza kukushonea mmoja, mpe mkanda wako wa zamani apime mashimo. Mwambie mashimo yawe na mkato mdogo mmoja tu. Fundi asiyewahi kushona mkanda wa gitaa huyaacha makubwa, na yanaachia kitufe.

Kwa kuachia huko, kata washa mbili kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, tundu dogo katikati, zivishe juu ya vitufe baada ya mkanda. Wazungu wanatumia mpira wa chupa za bia ya Grolsch kwa kazi hiyohiyo. Vifungio maalumu vya kufuli vipo, Schaller na Dunlop wanatengeneza, lakini vinakuja na skrubu za unene wao, usizisukume kwenye matundu ya zamani bila kulinganisha.

Urefu wa mkanda: kaa kwenye kiti bila mkanda, besi pajani, angalia kitako chake kiko wapi na kifua chako. Simama, fupisha mkanda mpaka kikae palepale. Wapiga besi wa bendi huishusha hadi magotini, wanapendeza kwenye picha, lakini kiganja cha kulia kinajikunja vibaya na mkono wa kushoto unanyooka hadi mwisho wake. Wewe una ibada mbili.

Utaratibu wangu kwako ni mkanda kwanza, wiki hii, uone umepata nafuu kiasi gani. Halafu karatasi ngumu, halafu alumini. Baada ya alumini, laza tena besi juu ya fagio pamoja na mkono wake na uniandikie freti iliyotulia, maana alumini nayo ina uzito na inaweza kuisogeza kidogo. Ukikuta bado kichwa kinashuka, ndipo uongeze mstari mmoja wa gramu 60 tumboni, mmoja kwanza.

Na jaribio la mwisho usilifanye ukiwa na fulana nyumbani. Vaa sare ya kwaya. Kama ni ya satini, kama zilivyo nyingi, bega ni utelezi mtupu, na besi iliyotulia juu ya fulana ya pamba inaweza kushuka juu ya satini. Simama hivyo, piga uzi mmoja, inua mkono wa kushoto kama unayemwita Mungu, na uangalie kichwa cha besi kinafanya nini.